Kwenye msiba wetu makaratasi hayakuwa na mwenyewe

Kwetu Tanga msiba hujipanga wenyewe. Simu ya kwanza ikishapigwa, jua halijatoka kuna aliyekwenda kuchukua jeneza msikitini, kuna waliobeba majembe kuelekea makaburini, kuna mama aliyeshika ufunguo wa stoo na anayejua mchele umebaki kilo ngapi. Hakuna anayeamrishwa. Kaka yangu alipofariki Juni 2021 kila kazi ilipata mtu wake isipokuwa moja, ya makaratasi, na hiyo moja ilikuja kunichukulia miaka miwili na miezi minne ya maisha yangu.

Kaka alikuwa mchuuzi wa machungwa. Jioni alinunua kwa wakulima wa Muheza, akafunga matenga yake kwenye pikipiki, alfajiri akashusha soko la Mgandini. Mwendo huo aliufanya miaka tisa. Siku ile, kama saa kumi na moja kasorobo, kati ya Muheza na Pongwe, aliingia kwa nyuma kwenye semi iliyoharibika tangu saa nne usiku na kuachwa pale pale kwenye upande wake wa barabara. Taa za nyuma hazikuwaka. Pembetatu za kuakisi mwanga hazikuwepo. Yaliyokuwepo ni matawi.

Anayesafiri usiku barabara ya Segera anayajua matawi hayo. Gari likikwama, utingo anashuka na panga, anakata majani ya kando na kuyapanga barabarani, na sisi sote tumekubali kwamba hiyo ni alama. Mchana ni alama kweli. Usiku, tawi la kijani juu ya lami halionekani mpaka uwe umeshalifikia, na mtu mwenye pikipiki ya taa moja, nyuma amebeba mzigo wa machungwa, hawezi kusimama kwa hatua kumi. Nalitanguliza hili kwa sababu madai yetu yote ya fidia yalizunguka swali moja tu: je, alijigonga mwenyewe?

Mwili ulipelekwa hospitali ya Bombo. Sisi ni Waislamu, na wazee walitaka azikwe baada ya adhuhuri siku hiyo hiyo, maana kumstiri maiti mapema ni haki yake. Ulipotajwa uchunguzi wa maiti, baba mkubwa alikataa katakata. "Mwanangu ameshaumizwa na gari, asiumizwe tena na kisu." Wanaume walikuwa tayari kuandika barua ya kukataa. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa mtaani kwetu Makorora, askari mstaafu. Alimvuta baba mkubwa pembeni akamwambia, "Mwenzangu, daktari si lazima apasue. Lakini bila karatasi yake, kesho watakwambia kijana alikufa kwa presha akiwa juu ya pikipiki." Daktari akafanya uchunguzi wa nje, akaandika sababu ya kifo, akatia sahihi. Tukazika baada ya alasiri. Tulichelewa saa tatu. Sijui kama tungepata hata shilingi moja bila saa tatu zile.

Siku ya tatu, siku ya hitima, wakaja wageni "wa upande wa gari". Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa karibu na wifi ambaye alikuwa ameshaingia eda. Nje, chini ya turubai, wageni wawili walitoa pole, wakaitikia dua pamoja na wazee, kisha wakamkabidhi baba mkubwa bahasha ya ubani, shilingi 1,500,000. Baada ya bahasha ikafuata karatasi. Baba mkubwa hakuwa na miwani, na aliambiwa ni ya kuthibitisha kwamba amepokea. Akatia sahihi, na majirani wawili wakawa mashahidi.

Niliisoma usiku, watu wamelala kwenye majamvi. Ilisema familia imepokea fedha hizo kama malipo yote na ya mwisho, na kwamba haitadai chochote kwa mwenye gari, kwa dereva wala kwa kampuni ya bima, sasa wala baadaye. Watoto watatu, mdogo ana miaka minne, na mama yetu mzazi ambaye dawa zake za sukari alizinunua kaka. Yote hayo kwa bei ya pikipiki iliyotumika.

Simlaumu baba mkubwa, na sitaki msomaji amlaumu. Kwetu ubani haukataliwi. Anayekuja msibani na kofia kichwani, akasoma Fatiha, huwezi kumuuliza karatasi yake ina nini. Wale wageni walilijua hilo kuliko tulivyolijua sisi, ndiyo maana walikuja siku ya tatu na si siku ya arobaini.

Mtu wa kwanza kunipa pumzi ni msaidizi wa kisheria mmoja, mama wa makamo. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatozi. Aliisoma karatasi mara mbili, akauliza, "Huyu aliyetia sahihi ni nani kwa marehemu?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Mahakama imeshamteua msimamizi wa mirathi?" Bado. Akasema basi baba mkubwa ameachia haki isiyokuwa mkononi mwake. Hakuwa msimamizi, hakuwa mke, mtoto wala mzazi wa marehemu. Fedha zile zitahesabiwa kuwa ni sehemu iliyokwisha kutolewa, lakini mlango haujafungwa. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza habari ya Sura ya 310, sheria inayowapa wategemezi wa mtu aliyekufa kwa uzembe wa mwingine haki ya kudai walichopoteza, na nikasikia pia kwamba madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa aliyefiwa miaka mitatu inasikika kama umilele. Nitaeleza ilivyokwenda.

Kwanza polisi. Nilidhani kesi ni moja, kumbe ni mbili. Ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini yake inakwenda serikalini. Familia haipati kitu kwenye faini hiyo. Ya madai ni yetu dhidi ya dereva, mwajiri wake na, nyuma yao, bima. Nilitumia wiki mbili nikisubiri ya kwanza itupe kile ambacho haikuumbwa kutupa. Hata hivyo ya pili inaiegemea ya kwanza, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ushahidi, dereva akishatiwa hatiani na rufaa haipo, hukumu hiyo ndiyo neno la mwisho kwamba alikosa. Kampuni ya bima nayo itakuomba nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu kabla haijakupa kiti.

Shida ni kwamba hapakuwa na mashtaka. Mchoro wa eneo la ajali ulionesha semi imesimama na pikipiki imeigonga. Ulichorwa baada ya gari kuvutwa pembeni, na matawi hayakuwemo. Kwa mchoro ule marehemu ndiye mkosaji.

Nilikwenda Pongwe mara nne, kijiwe cha bodaboda, nikiuliza nani alifika mwanzo. Mara ya nne kijana mmoja akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Alipiga picha sita kabla hata polisi hawajafika. Zilionesha matawi, taa zilizozima, namba ya kichwa na namba ya tela. Aliniambia alikuwa anatafuta mteja wa simu ile wiki ileile. Nilikaa chini pale kijiweni nikalia mbele ya vijana wote, na hakuna aliyenicheka.

Tela ina usajili wake na bima yake, tofauti na kichwa, kwa hiyo namba zote mbili zinatakiwa. Ukishazipata, unaweza kuhakiki uhai wa bima kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na jina la mwenye gari linafuatiliwa TRA. Msiishie kwenye jina lililoandikwa mlangoni mwa gari. Magari huuzwa na rangi hubaki. Na kama lori ni la nje, kama yale yanayoingia kwa Horohoro kutoka Kenya, ulizeni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima inayovuka mpaka pamoja na gari.

Kijana alitoa maelezo polisi, picha zikaingia kwenye jalada, na baada ya miezi mitano dereva akafikishwa mahakamani kwa kuacha gari katika hali ya hatari na kusababisha kifo. Nilikwenda nikiwa nimemchukia. Alikuwa mwanaume wa umri wa kaka, amevaa kandambili. Alikiri kosa. Aliiambia mahakama kwamba alimpigia bosi wake saa nne na nusu usiku, akaambiwa fundi atatoka asubuhi. Kwamba gari halikuwa na pembetatu tangu alipokabidhiwa. Kwamba matawi alikata mwenyewe. Akapigwa faini. Nilipotoka nje chuki yangu ilikuwa imetoka kwake, imehamia kwa bosi wake. Sheria nayo iko hivyo: uzembe wa dereva aliye kazini unabebwa na mwajiri wake, na bima ya lazima, ile ndogo ya kila gari chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ipo kwa ajili ya watu wa nje ya gari kama kaka yangu. Wengi wetu tunaamini bima ndogo "hailipi kitu". Haimlipi mwenye gari kwa gari lake. Sisi wengine ndio tuliokatiwa.

Mirathi nitaipitia haraka, ingawa yenyewe haikuwa na haraka. Kikao cha familia, muhtasari wenye sahihi, maombi Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kisha uteuzi. Kikao kilitaka msimamizi mwanaume. Wifi yuko eda, hawezi kuzunguka na mafaili, na baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpeni huyu binti, mimi nimeshatia sahihi moja inanitosha." Nikateuliwa, nikapewa Fomu namba 4. Na kuanzia hapo mahakama inakudai hesabu ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Kilichotukwamisha ni majina. Kitambulisho cha NIDA kilikuwa na majina matatu, leseni ilikuwa na mawili, hati ya nikaha ilikuwa na jina la utotoni ambalo sisi nyumbani ndilo tulilomwita. Cheti cha kifo cha RITA kikatoka kwa jina la nne, kwa kuwa aliyekwenda kutoa taarifa hospitali alikuwa jirani. Kusawazisha majina kwa viapo kulikula miezi mitatu. Ndiyo maana nasema miaka mitatu si mingi.

Sasa nifike kwenye kipato, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo familia za watu kama sisi zinapopoteza haki.

Sheria hailipi machozi yetu. Inauliza marehemu alikuwa akiwaletea nini wategemezi wake, na angewaletea kwa muda gani. Kampuni ya bima ilipojibu barua ya kwanza ilisema marehemu "hakuwa na ajira inayothibitika", na ikajitolea kulipa shilingi milioni sita. Ni kweli, kaka hakuwahi kupokea mshahara. Lakini alikuwa na daftari. Daftari la kawaida la kurasa tisini na sita, la tano tangu aanze kazi, na kila asubuhi aliandika humo: matenga mangapi, kanunua bei gani, kauza bei gani, nani anadaiwa. Mengine manne tuliyakuta chini ya kitanda. Tukaongeza taarifa ya miamala ya simu, kitabu cha kikoba alichokuwa mwanachama, na kiapo cha mama mmoja wa Mgandini aliyempokea mzigo kwa miaka sita.

Wakili wetu alinikalisha tukapiga hesabu. Faida yake, ukitoa mafuta na ushuru, ilikuwa wastani wa shilingi 20,000 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hiyo ni 440,000. Theluthi moja tukaitoa kuwa ni matumizi yake mwenyewe, kwa kuwa wategemezi hawadai alichokula yeye. Ikabaki kama 293,000 kwa mwezi, sawa na 3,520,000 kwa mwaka. Kisha inazidishwa kwa miaka. Kaka alikuwa na miaka 38, lakini hauzidishi kwa miaka yote iliyobaki mpaka uzeeni, kwa kuwa fedha inalipwa kwa mkupuo, na kwa kuwa maisha yana maradhi na misimu mibaya. Wakili akaweka miaka 10. Ikawa shilingi 35,200,000. Nilitazama namba ile nikaona aibu, kana kwamba tunampima kaka kwa mizani ya sokoni. Wakili, mtu mzima mwenye sauti ya chini, akasema, "Hatumpimi yeye. Tunapima sufuria lililobaki tupu." Maneno hayo yalinisaidia kuendelea.

Upande wa pili haukuipinga tena daftari. Ulirudi kwenye kujigonga. Alikuwa mwendo kasi, amebeba mzigo kupita kiasi, angeliona gari kama angekuwa makini. Uzembe wa kuchangia si hoja ya bure. Ukithibitika, fidia inapungua kwa kadiri ya mchango wa marehemu. Na mimi nilijua matenga yale yalikuwa makubwa. Lakini hukumu ya dereva ilikuwepo, na picha sita zilikuwepo.

Katikati ya hayo walikuja vishoka. Wa kwanza alinifuata mahakamani, akajua jina la marehemu, akasema ana mtu ndani ya bima na kwamba nusu kwa nusu tutamaliza ndani ya mwezi. Wa pili alitaka asili ya Fomu namba 4. Asili usimpe mtu yeyote. Uwakili wa mtu unahakikiwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, inachukua dakika chache, na wakili wa kweli hakasiriki ukimwambia umemtazama humo. Makubaliano yetu ya ada yaliandikwa siku ya kwanza. Na mgogoro ukiwa umebaki kwa kampuni ya bima tu, inayokaa kimya au kutoa kidogo, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, Dar es Salaam, ambayo haimtozi mlalamikaji. Sisi hatukufika huko, tulishafungua shauri, lakini nimeshawaelekeza wawili.

Tulimaliza kwa makubaliano Oktoba 2023, yakaandikwa mahakamani yawe na nguvu ya hukumu. Kiasi sikiandiki, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na watoto wanakua humo. Ilikuwa chini ya hesabu ya wakili na mbali sana juu ya milioni sita, na ile 1,500,000 ilikatwa kama tulivyoambiwa.

Fedha ilipotoka ndipo ulipoanza msiba wa pili. Ndugu walitaka igawanywe kimirathi, kila mrithi na fungu lake, hata wale ambao kaka hakuwahi kuwalisha. Mimi ni Muislamu, sheria ya mirathi siibishii. Lakini pikipiki, kiwanja cha Pongwe na akiba ya kikoba ndivyo vilivyokuwa mali ya marehemu, na hivyo viligawanywa kwa mirathi mbele ya shehe. Fidia ya wategemezi ni kitu kingine. Kaka hakuimiliki hata siku moja, ilizaliwa na kifo chake, na kila mtegemezi anapata kwa kadiri alivyopoteza. Mke, watoto watatu na mama. Ilichukua vikao vitatu na wakili kuja mwenyewe kulieleza hilo kwa wazee. Ndugu mmoja mpaka leo hapokei simu yangu. Naumia, ila fungu la mtoto wa miaka minne nisingeweza kulitoa ili nipate salamu.

Barabara yetu haijatulia. Februari 2023, wakati sisi tukiwa bado tunabishana na bima, gari aina ya Coaster lililobeba msiba kuelekea Kilimanjaro liligongana na Fuso pale Magila Gereza, Korogwe, na zaidi ya watu 15 wakafa. Januari 2025, eneo la Chang'ombe huko Segera, lori liliwaparamia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali nyingine usiku, wakafa 11. Niliposikia hiyo ya pili nilikuwa nachambua mchele. Nikawaza turubai 11, na bahasha, na ni nani chini ya kila turubai amekabidhiwa kalamu.

Tangu hapo nikienda kwenye msiba wa ajali natoa rambirambi yangu, nakaa na wanawake, halafu namtafuta mmoja wa nyumba ile, kijana anayejua kusoma vizuri na asiye na woga. Namwambia: wewe leo usichimbe kaburi, wapo wa kuchimba. Nenda kituoni, andika namba ya jalada na jina la askari mpelelezi. Piga picha, kichwa na tela. Uliza fomu za polisi, PF 90, PF 93, PF 115, na mchoro. Hakikisha daktari ameandika. Jina la marehemu kila mahali liwe lile la kitambulisho. Na akija mtu na bahasha, mpokee kwa heshima zote, ila karatasi yake mwambie aiache, familia itaisoma.

Madaftari niliyarudisha kwa wifi shauri lilipofungwa, matano yote, yakiwa na mihuri ya mahakama. La mwisho lilikuwa limejaa nusu. Kaka alikuwa na tabia ya kuandika tarehe ya kesho usiku kabla ya kulala, na tarehe ile ipo, mbele yake hakuna kitu. Wifi anachoma maandazi sasa, barabara ya 14. Ameacha mstari mmoja chini ya tarehe hiyo, kisha ameanza kuandika ya kwake: unga, mafuta, mkaa, nani anadaiwa.